Shajara ya Mradi: Baada ya Marathoni ya Kwanza

Jumatatu, siku moja baada ya mbio

Kilimanjaro Marathon imekwisha jana, nami nimeimaliza kwa saa 4 na dakika 52. Naandika haya ndani ya basi linalorudi Dar es Salaam, kabla pongezi hazijaanza kuzipamba takwimu, kwa kuwa shajara hii tangu ilipofunguliwa ilikusudiwa kueleza kazi inavyokwenda na wala si kuitangaza. Lengo lililoandikwa kwenye ukurasa wake wa kwanza lilikuwa moja tu, kumaliza kilomita 42.195 chini ya saa 5 bila kujeruhiwa, na kwa kipimo hicho mradi umefaulu. Kinachonishughulisha sasa ni namna muda huo ulivyogawanyika njiani, maana mgawanyo huo ndio utakaoamua kama kuna mradi wa pili na utakuwa wa namna gani.

Kwa wasioifahamu njia yenyewe, mbio huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wakimbiaji wa marathoni kamili hupita kwanza mjini, wakatoka kwa barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam, wakageuka na kurudi, na hadi hapo mtu anaweza kujidanganya kwamba anakimbia mbio za tambarare. Karibu na nusu ya safari njia huanza kupanda kuelekea Mweka, katikati ya vihamba vya migomba na kahawa, na hupanda karibu mita 300 kabla ya kufika mahali pa kugeukia. Kutoka hapo ni kuteremka hadi uwanjani. Sisi wa pwani, ambao daraja la barabarani tunaliita kilima, huwa tunauliza swali moja tu juu ya njia hii, nalo ni namna ya kupanda Mweka. Sijawahi kusikia mtu akiuliza namna ya kushuka.

Saa yangu ya kukimbilia inaonyesha hivi. Nusu ya kwanza nilitumia saa 2 na dakika 18, yaani dakika 6 na sekunde 32 kwa kila kilomita, kasi niliyokuwa nimeipanga na kuifanyia mazoezi. Kupanda kulichukua saa 1 na dakika 20, takriban dakika 7 na sekunde 40 kwa kilomita, pamoja na kutembea kwenye vituo vya maji kama nilivyokusudia. Kuteremka kulichukua saa 1 na dakika 14. Ukiigawa namba hiyo kwa kilomita zake, unapata karibu dakika 7 kamili kwa kila kilomita. Maana yake ni kwamba nilishuka mlima polepole kuliko nilivyokimbia barabara tambarare asubuhi, na jambo hilo halielezeki kwa maneno ya jumla kama "uchovu".

Nimelikagua kwa vipimo vingine vilivyopo. Kama tatizo lingekuwa pumzi, mapigo ya moyo yangepanda au angalau yangebaki juu, lakini katika kilomita zote za mteremko yalishuka sambamba na kasi, na niliweza kuzungumza na mtu aliyekuwa kando yangu bila kukatiza sentensi. Kama tatizo lingekuwa kuishiwa na nguvu, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, ningepata dalili ambazo wakimbiaji wazoefu huzitaja kila mara, kizunguzungu, baridi, kukata tamaa kusiko na sababu. Mwili wa mtu mzima huhifadhi wanga wa kutosha takriban kilomita 30 hivi za kukimbia kwa juhudi, na ndiyo maana hadithi nyingi za marathoni huharibikia hapo. Mimi nilikuwa nakula tende tangu kilomita ya nane na kunywa maji yenye chumvi ya ORS, tumbo lilikubali, na kichwa kilikuwa chepesi hadi mwisho. Kilichokataa ni misuli ya mbele ya mapaja, na ilikataa kwa namna ya wazi kabisa, kwa kushindwa kupokea uzito wa mwili kila mguu ulipotua.

Mtu akikimbia kwenye tambarare, misuli hiyo hujikaza ikijifupisha kwa sehemu ya kazi yake. Akiteremka, hulazimika kujikaza huku inavutwa na kurefushwa, kwa sababu kazi yake imekuwa kuzuia, kama breki za lori linaloshuka Kitonga. Kujikaza kwa namna hiyo hakuhitaji pumzi nyingi, kwa hiyo moyo hautoi onyo, lakini huchana nyuzi ndogondogo za misuli kuliko kazi nyingine yoyote ya kukimbia. Programu niliyoifuata, kama nyingi zinazotungiwa wanaoanza, ilitungwa kwa miji tambarare na haikuwa na hata kilomita moja ya mteremko wa makusudi.

Mwisho wa wiki ya kwanza

Maumivu yalifika kilele siku ya pili na ya tatu, ambao ndio utaratibu wa kawaida wa misuli iliyochanika, na yalikaa karibu yote kwenye mapaja. Vigimbi, ambavyo hubeba kazi kubwa wakati wa kupanda, vilikuwa vimepona kufikia Jumatano. Nimeshuka ngazi za ofisini kinyumenyume mbele ya watu ninaowaheshimu. Nalichukua hilo kama kipimo cha tatu kinachokubaliana na viwili vya kwanza, na suala la chanzo nimelifunga.

Sijakimbia wiki nzima na sikusudii kukimbia ijayo. Nimetembea jioni, nimelala mapema, na nimekula bila kuhesabu. Sijatumia dawa za kutuliza maumivu za aina ya diklofenaki au ibuprofeni, ambazo kwenye vikundi vya mbio huzunguka mkononi kama pipi kabla, wakati na baada ya mashindano. Figo za mtu aliyepungukiwa na maji tayari zinafanya kazi katika mazingira magumu, na dawa za kundi hilo hupunguza damu inayozifikia. Nashangaa kwamba tunaojali chapa ya soksi tunalichukulia jambo hili kirahisi kiasi hiki.

Pongezi zimekuwa nyingi, na karibu kila ya tatu inamtaja John Stephen Akhwari. Ni kawaida yetu. Mtanzania yeyote anayemaliza marathoni kwa kuchechemea hukumbushwa jioni ile ya Mexico City mwaka 1968, Akhwari alipoingia uwanjani akiwa na goti lililofungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, wa mwisho kati ya waliomaliza. Nami namheshimu kama wengine. Lakini inanisumbua kwamba tumemgeuza kuwa mtakatifu wa kumaliza, na kwa kufanya hivyo tumeisahau nusu ya pili ya habari yake. Akhwari alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu aliyeumia siku mbaya, na miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Alirudi kazini. Kwa shajara ya mradi kama hii, Edinburgh ina mafunzo mengi kuliko Mexico, kwa sababu kati ya miji hiyo miwili kuna mazoezi ambayo hakuna aliyeyapiga picha.

Wiki ya tatu

Nimekimbia tena, taratibu, pamoja na klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Klabu hizi, ambazo Temeke na Ilala zimejaa, huendesha mazoezi kwa mtindo wa mchakamchaka: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na safu nzima inakwenda kwa mdundo mmoja. Wakimbiaji wenye saa za bei huwa wanazidharau kidogo. Mimi nimeanza kuona kwamba mchakamchaka umebeba kanuni ya mazoezi ambayo vitabu vya makocha huieleza kwa kurasa nyingi, kwamba sehemu kubwa ya kilomita za wiki inapaswa kukimbiwa kwa kasi inayoruhusu kuzungumza. Asiyeweza kuitikia wimbo amepita kiwango chake, na hakuna saa inayohitajika kumwambia. Mzee mmoja wa klabu, ambaye amekuwa akiongoza nyimbo tangu alipotoka JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, alinisikia nikihema Jumapili na kuniambia, "Dada, kwa pumzi hiyo hukimbii, unafukuzwa." Nilipunguza.

Swali ambalo kila mtu anauliza katika kundi letu la WhatsApp ni mbio zipi zinafuata. Kalenda ya nchi sasa imejaa, na karibu kila mwezi kuna benki, mkoa au taasisi yenye mbio zake, fulana zake na medali zake. Wenzangu wawili waliokimbia Moshi wamekwisha kujiandikisha kwa marathoni nyingine kabla ya katikati ya mwaka. Siwahukumu, kwa kuwa furaha ya medali ni ya kweli, lakini kwa upande wangu naona hatari ya kuubadilisha mradi kuwa mkusanyiko. Marathoni mbili zikifuatana kwa karibu, wiki nyingi kati yake huliwa na kupumzika baada ya ile ya kwanza na kupunguza mazoezi kabla ya ile ya pili, na nafasi ya kujenga kitu kipya haipo. Nitakimbia marathoni moja tu katika miezi 12 hii, nayo itakuwa Moshi tena.

Nimekuwa nikifuatilia pia namna wakimbiaji wetu wakubwa walivyokabiliana na miteremko, na aliyenivutia ni Juma Ikangaa. Watu humkumbuka kwa New York mwaka 1989, aliposhinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mimi nimekaa zaidi na Boston, ambako alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, mwaka 1988, 1989 na 1990. Njia ya Boston huanza kwa kuteremka kwa kilomita nyingi, kisha huleta vilima vya Newton baada ya kilomita ya 25, na sifa yake kubwa miongoni mwa wakimbiaji ni kwamba huyamaliza mapaja mapema kabla ya kuyadai kazi. Moshi imeupindua mpangilio huo, kwani huku tunapanda kwanza na kushuka mwishoni, lakini misuli inayoamua matokeo ni ileile. Siwezi kujilinganisha na Ikangaa kwa lolote. Ninachoazima ni maandalizi tu, maana wanaojiandaa kwa Boston hutafuta miteremko ya mazoezi kwa makusudi, na mimi sijawahi kumsikia mtu wa Dar es Salaam akifanya hivyo kwa ajili ya Moshi.

Aprili, masika

Mvua imefunga barabara za mtaani kwa matope, na ninakimbia kwenye lami ya barabara kuu pale tu inapopumzika. Ni wakati mzuri wa kukaa na kalamu na kuweka malengo.

Lengo linalopendwa zaidi kwa mtu aliyemaliza marathoni ya kwanza ni kushuka chini ya saa 4. Nimelipima na kuliweka kando. Saa 4 zinahitaji dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, na kuna njia rahisi ya kuona kama namba hiyo iko karibu au mbali. Kanuni ya Peter Riegel, mhandisi wa Marekani, hukisia muda wa mbio ndefu kutokana na muda wa mbio fupi. Kwa kutoka nusu marathoni kwenda marathoni, inatosha kuzidisha kwa 2.085 hivi. Kwa kanuni hiyo, saa 4 zinamtaka mtu awe anakimbia nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 55, na hata hivyo wakimbiaji wa ridhaa, wenye kilomita chache za wiki, huiona kanuni hii kuwa na matumaini mengi kupita hali halisi. Nusu marathoni yangu bora ni saa 2 na dakika 7. Hiyo inatoa saa 4 na dakika 25 kwenye njia tambarare katika siku isiyo na joto, na Moshi si tambarare.

Kwa hiyo lengo kuu la mradi wa pili ni saa 4 na dakika 40 kwenye njia ileile ya Moshi. Nimelijenga kwa vipande: nusu ya kwanza saa 2 na dakika 16, kupanda saa 1 na dakika 18, kuteremka saa 1 na dakika 6. Ukilinganisha na mwaka huu, nusu ya kwanza itaongezewa kasi ya kuokoa dakika 2 tu, na kupanda vilevile dakika 2, mambo ambayo mwaka mmoja wa mazoezi ya kawaida unaweza kuyaleta bila miujiza. Dakika 8 zilizobaki zote zinatoka kwenye mteremko, ambako nitatakiwa kukimbia kwa takriban dakika 6 na sekunde 14 kwa kilomita, kasi ambayo pumzi zangu tayari zinaiweza leo. Theluthi mbili za mradi wote, kwa maneno mengine, ni kuyaandaa mapaja yapokee kile ambacho moyo hauna shida nacho. Napenda lengo linalosema kazi iko wapi. Saa 4 kamili ni namba nzuri kuitamka, ila hainiambii nifanye nini Jumanne asubuhi.

Lengo la pili ni nusu marathoni ya tambarare hapa Dar es Salaam wakati wa kipupwe, chini ya saa 2 na dakika 5. Hili lina kazi ya kupima kama kasi ya msingi inapanda huku nguvu kubwa ikielekezwa kwenye miteremko. Likishindikana, malengo ya vipande vya Moshi yatalegezwa kabla ya Oktoba, na sitasubiri siku ya mbio kuniambia.

Kuna pia malengo yasiyo na saa ndani yake, na haya ndiyo nitakayoyaandikia ripoti kila mwezi. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, hasa kuchuchumaa polepole wakati wa kushuka na kupanda kwa kasi ya kawaida, kushuka kutoka kwenye kigoda kwa mguu mmoja, na kuinuka kwa vidole vya miguu kwa ajili ya vigimbi. Mteremko wa makusudi kila wiki ya pili. Na usingizi, ambao ni sehemu ya programu niliyoikosea heshima kwa miaka mingi ya kufanya kazi za hesabu hadi usiku, ingawa najua vizuri kwamba misuli hujengwa mtu akiwa kitandani.

Mei, Pugu na Kisarawe

Mteremko unapatikana, ukiutafuta. Vilima vya Pugu na barabara inayoelekea Kisarawe vina miinuko ya kutosha kwa mtu anayetaka kupanda kwa kutembea na kushuka kwa kukimbia, na hivyo ndivyo ninavyofanya, kwa sababu lengo ni kushuka na sitaki kupanda kunichoshe kabla. Mara ya kwanza nilichukua mteremko mfupi tu, kwa hatua fupi za haraka, magoti yakiwa yamelegea kidogo na mwili ukiinama mbele pamoja na barabara. Mwenye kuegemea nyuma anatua kwa kisigino mbali mbele ya mwili, na kila hatua inakuwa breki ya ghafla inayopigwa na paja.

Nilipata maumivu makali kwa siku tatu, na hayakunishangaza. Kilichofuata ndicho nilichokuwa nakisubiri. Wiki mbili baadaye nilirudia kazi ileile mahali palepale, na maumivu yalikuwa hafifu kiasi kwamba niliyatafuta. Wanasayansi wa michezo wameithibitisha tabia hii mara nyingi: misuli ikichanwa kidogo na kazi ya kuzuia, hujirekebisha kwa namna inayoikinga kazi kama hiyo ikirudi, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ya wiki ya pili katika mpango wangu. Kushuka kila wiki kungekuwa uharibifu juu ya uharibifu, na kushuka mara moja kwa msimu kungeacha kinga iishe. Nimeongeza urefu kidogo tangu hapo, na nitaendelea kuongeza urefu kabla ya kuongeza kasi.

Neno kuhusu viatu, kwa sababu limeulizwa. Viatu vya mtumba vya soko la Karume vimewakimbiza wengi wetu na ningekuwa mnafiki kuvibeza, lakini povu la soli huchoka kwa umri hata kama sehemu ya juu inang'aa, na kwenye mteremko mguu unapotua kwa uzito mkubwa tofauti inasikika. Sasa natumia vya mtumba kwa mazoezi mepesi ya tambarare, na jozi moja niliyonunua mpya nimeitenga kwa Pugu na mbio ndefu. Gharama imeumiza, na imeondoa nusu marathoni moja ya mkoani kwenye bajeti ya mwaka, hasara ambayo kwa kuitazama tena si hasara.

Usalama nao uandikwe. Barabara ya Pugu alfajiri ina malori, na ina bodaboda zisizo na taa. Tunakwenda watu wanne au zaidi, tunakimbia tukiyatazama magari yanayokuja, na hatuanzi kabla ya mwanga.

Juni, kipupwe

Kusi imetulia vizuri, asubuhi zina ubaridi, na kasi imeongezeka bila mimi kuiomba. Kukimbia mchakamchaka ule ule wa Jumapili kunanigharimu mapigo machache kwa dakika kuliko Machi, na nina tahadhari ya kutoyaita yote mafanikio ya mazoezi, kwa kuwa sehemu yake ni hewa tu. Mwili unaokimbia kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam hupeleka damu nyingi kwenye ngozi kujipoza, damu ambayo ingekwenda miguuni, na jasho lisilokauka halipozi. Januari hapa mtu anaweza kukimbia kwa bidii yake yote na saa ikamwambia amezembea.

Ugumu wa ratiba uko hapo. Moshi inakuja mwishoni mwa Februari, na wiki ngumu kuliko zote za maandalizi, zenye mbio ndefu za kilomita 28 hadi 32, zinaangukia Desemba na Januari, kaskazi ikiwa imeiva. Mwaka huu nimeamua kugawa kazi kwa misimu. Kasi nitaijenga sasa, Juni hadi Septemba, wakati hewa inaruhusu. Vuli itakuwa ya miteremko na nguvu. Desemba na Januari zitakuwa za urefu peke yake, kwa kasi ya polepole, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, bila kudai chochote kwenye saa. Mwili uliozoea joto kwa wiki mbili hivi hutoa jasho mapema zaidi na huhifadhi chumvi vizuri zaidi, faida ambayo mkimbiaji wa Arusha au Mbulu hana na ambayo sisi wa pwani tunaipata tukitaka tusitake. Alphonce Simbu aliposhinda ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, ilikuwa katika joto na unyevu wa aina hiyo. Alikaa nyuma ya viongozi kwa muda mrefu na kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari wenyewe, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, tofauti ikiwa sehemu ndogo ya sekunde. Dhahabu hiyo ilikuwa ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nimeitazama mara nyingi, na kinachonivutia ni kilomita 40 ambazo Simbu hakufanya lolote la kuonekana.

Nimeanza pia kupima jasho, jambo rahisi linalohitaji mizani tu. Najipima kabla ya kukimbia na baada ya kukimbia, nikiwa nimejikausha, naongeza uzito wa maji niliyokunywa njiani, na kila kilo iliyopungua naihesabu kuwa lita moja. Kwa kipupwe hiki napoteza chini ya lita moja kwa saa. Nitarudia kipimo Desemba, na namba ya Desemba ndiyo itakayopanga maji ya Januari. Sitaki kunywa kwa hofu, maana kunywa maji matupu kupita kiasi kwenye mbio ya saa nne na zaidi hupunguza sodiamu katika damu na kunaweza kuwa hatari kuliko kiu. Chakula cha njiani kinabaki tende, nne au tano ndogo kwa kila nusu saa hivi, ambazo zinatoa karibu gramu 25 hadi 30 za wanga, zikiwa zimetolewa kokwa nyumbani. Nilijaribu kashata mwezi uliopita. Ni tamu, ila karanga zake hukaa tumboni kama mgeni asiyeaga.

Hali ya mradi hadi leo ni hii. Mazoezi ya nguvu yamefanyika karibu yote, isipokuwa wiki ya kufunga hesabu za robo mwaka. Mteremko umefanyika kila ulipopangwa, mara moja kwenye mvua. Usingizi haujafikia lengo, na sina ripoti nzuri ya kuutolea. Nusu marathoni ya kipimo itakimbiwa Julai, kando ya bahari, kwa kuanza na dakika 6 kamili kwa kilomita katika kilomita tano za kwanza na kuongeza kidogo baada ya hapo, na vipande vyake vitaandikwa hapa vikiwa vizuri au vibaya. Oktoba, mapaja yakikubali, tutakwenda Lushoto wikiendi moja, ambako barabara ya kushuka Mombo ina mteremko mrefu kuliko wowote tunaoupata Pwani. Tutaushuka kwa sehemu tu, kilomita sita za kwanza, na gari la mwenzetu litatungojea pale tutakapoishia.